Salamu za Ukurasa wa Kwanza

Tarehe 6 Machi

Mpendwa mwanangu Kwanini,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Na kikohozi je, kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Namwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute umekaa vizuri, umekula, na umevaa kitu cha joto, maana nakujua, ukishika kazi unasahau kwamba una mwili.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu kwa uzima. Bibi yako yupo na nguvu zake. Masikio yamekuwa ya kuchagua: ukimwita akaoge hasikii, ukinong'ona habari za majirani anakusahihisha akiwa chumba cha pili. Anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Karakana inakwenda. Tumemaliza nembo za sweta za shule, sasa tunatarizi majina ya wauguzi kwenye makoti yao, na ile kompyuta yangu kuukuu bado inanionyesha kila ua na kila herufi kabla sijaipeleka kwenye cherehani. Nyuzi za buluu zimeadimika lakini tunasogea.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Tulipoongea kwa simu ulisema "niko salama, Shangazi" mara nyingi kuliko mtu aliye salama anavyosema. Ndiyo maana nimerudi kwenye barua, kama enzi zako za bweni. Kwenye simu unanikimbia, kwenye karatasi hujawahi kuniweza. Baba yako naye kaniambia, huku akitazama dari, kwamba unafikiria kuacha kazi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema hilo nimuulize mwenye jina.

Basi nakuuliza. Na kabla hujanijibu, nieleze hiyo kazi yenyewe ni kitu gani. Watu wakiniuliza nasema mwanangu yuko kwenye mambo ya kompyuta, halafu naharakisha kuulizia hali ya watoto wao. Nimechoka kukusifu kwa kitu nisichokijua. Nataka nikusifu vizuri.

Nakutaja katika kila sala.

Shangazi yako akupendaye


Tarehe 29 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Na kwa Bibi shikamoo nyingine. Mwambie sijanenepa lakini nia ninayo. Kikohozi kimekwisha. Nimehamia chumba cha ghorofa ya juu, dirisha linatazama paa la ghala na kamba za kuanikia nguo za watu nisiowajua, kwa hiyo siku hizi najua nani kanunua mashuka mapya. Nyinyi hamjambo? Mgongo wako unaendeleaje?

Umeniuliza kazi yangu. Kompyuta yako inajua inachotaka kuonyesha, tuseme ua la kutarizi, lakini haijui kuchora. Ndani yake kuna kipande kinaitwa kadi ya picha. Hicho kinajua kuchora vizuri sana, ila kina lugha yake peke yake. Kwa hiyo katikati lazima awepo mkalimani. Mkalimani huyo ni programu, yaani maandishi, na tunaiita kiendeshi. Kila ukoo wa kadi una kiendeshi chake. Kikikosekana au kikikosea, unabaki na kioo cheusi, au mistari mistari.

Ofisi yetu inatunza viendeshi vya kadi za zamani, zile ambazo hata waliozitengeneza wamezisahau. Mtu yeyote popote alipo anaruhusiwa kusoma maandishi yetu, akaona kosa, akatuletea marekebisho. Marekebisho hayo tunayaita kiraka. Cheka tu, najua umecheka.

Shida ni kwamba hawaji. Karibu kila kitu kimeandikwa na mzee mmoja tunayemwita Mstari Mmoja, kwa sababu hajawahi kumjibu mtu kwa mistari miwili. Mwisho wa mwaka anastaafu. Wakubwa wametamka: ikifika mkutano wa mwisho wa Agosti na hawajapatikana watu wawili kutoka nje, walio tayari kukijua kiendeshi chake kikubwa na kukitunza, kitaondolewa. Mashine zote zinazokitegemea zitapoteza picha mara zitakapopokea toleo linalofuata.

Kazi ya kuwaleta watu hao nimepewa mimi. Nikayasoma maelezo ya kiendeshi kwa macho ya mgeni, nikaelewa wanakimbia nini. Sentensi ya kwanza inasema, "Msomaji anachukuliwa kuwa anafahamu yafuatayo," halafu inafuata orodha ndefu kama treni ya mizigo. Kuanzia hapo, kila aya ina "kama inavyojulikana". Shangazi, mimi mwenyewe nilipoajiriwa niliyasoma maneno hayo, nikaenda kulia chooni. Nilidhani yanajulikana kwa watu wote isipokuwa mimi.

Sasa nayaandika upya. Mzee anayapitia na kunirudishia bila neno, na sijui kama anayadharau yaliyoandikwa au aliyeyaandika. Ndipo nikamwambia Baba vile. Nakutumia kurasa za mwanzo, zake na zangu, nimezichapa. Zisome kama unavyosoma chochote, na pale unapokwama choma pini.

Mwanao,
Kwanini


Tarehe 2 Mei

Mwanangu Kwanini,

Amani ya Mungu iwe nawe. Sisi wazima, na najua wewe pia mzima, kwa kuwa anayechungulia mashuka ya watu hawezi kuwa mahututi. Mgongo wangu unanisalimia kila asubuhi kabla ya mtu yeyote. Bibi yako ameanguka kidogo, usiogope, alikaa chini ghafla tu bila kukusudia, na sasa anadai tulimsukuma.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasoma. Nilivaa miwani ya Bibi juu ya miwani yangu nikakaa na kurasa zako karakana ilipofungwa. Kwenye ukurasa wa yule mzee pini ziliisha, nikaendelea na vifungo. "Msomaji anachukuliwa kuwa anafahamu." Sasa kama anafahamu, amefuata nini hapo? Lakini nilipofika kwenye kurasa zako, mwanangu, niliziweka chini nikamshukuru Mungu. Sisemi nilielewa yote. Nilielewa kwamba aliyeandika alikuwa ananingoja nifike. Ukisema neno gumu unageuka kutazama kama niko nyuma. Kurasa zile zina pini chache, na kama si kujivuna ningekuambia ni chache mno kwa mtu wa elimu yangu.

Jambo moja nimeliona, nalisema tu, mimi nani wa kukupa ushauri. Mmeanza bila salamu. Siku za ibada kazi yangu ni kukaa mlangoni kupokea watu, na mgeni namtambua haraka: anatazama wenzake wanaweka wapi mikono. Mtu wa namna hiyo ukimwambia neno moja la karibu, mabega yanashuka. Kwenye ukurasa wenu sikuona neno hilo.

Habari nyingine. Fundi Taratibu, anayetutengenezea mashine, alikuja kutazama waya wa cherehani, akaziona kurasa zako mezani. Huyu humjui, alihamia mtaani wewe umeshaondoka. Anaitwa Taratibu kwa sababu haharakishwi na mtu; anaweza kukaa na kifaa kilichokufa mpaka kikaona haya kikafufuka. Namstahi sana. Basi alisoma akiwa amesimama, kisha akasoma akiwa ameketi, chai ikapoa na nzi akaoga humo. Akaniomba aende nazo. Nikampa, ila nilizitoa pini kwanza, zina kazi.

Sasa niulize mimi. Hiyo kompyuta yangu ni ya zamani. Je, na kadi yake imo katika hizo mnazotaka kuziondolea mkalimani?

Shangazi yako


Tarehe 24 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na poleni kwa Bibi. Mwambie mimi namwamini, mlimsukuma. Huku hali ya hewa imebadilika, mvua zimeanza, na mashuka ya watu yanalowa na kurudi ndani siku nzima. Nimejifunza kupika kitu kimoja vizuri na ninakila kila siku.

Barua yako niliisoma nikasimama, nikaketi, kama Fundi wako. Nikaweka salamu juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Niliandika hivi: "Karibu. Kama hujui lolote kati ya yaliyomo humu, ukurasa huu ni wako. Ukikwama, tuandikie kwenye anwani iliyo hapa chini. Kila anayeuliza atajibiwa."

Mzee Mstari Mmoja aliupitia. Akanirudishia kwa mstari mmoja: "Ondoa salamu. Msomaji ana kazi."

Nikaiondoa. Anwani ilibaki, na ahadi ya kujibu ilibaki, na kurasa nyingine zote zilibaki jinsi nilivyoziandika, kwa hiyo siwezi kusema amenikatalia. Lakini nilitembea nyumbani kwa miguu ili nisilie ndani ya basi.

Kumchukia nashindwa, Shangazi. Juzi mtu alituletea picha ya kioo chake, rangi zote zimevurugika, zambarau ilipopaswa kuwa kijani. Sisi tuliizunguka picha ile kama madaktari wa tamthilia. Mzee akapita na kikombe chake, akatazama, akasema, "Mashine hiyo iko dirishani. Ihamishwe kivulini." Ilikuwa dirishani kweli. Kadi ilikuwa imepata joto. Ameishi na vitu hivi hadi anajua wapi vinauma. Ninachoogopa ni kwamba ataondoka navyo vyote kichwani, na sisi tutabaki na "kama inavyojulikana".

Hadi leo hajaja mgeni hata mmoja. Kurasa zinasomwa, hesabu inaonyesha zinasomwa, ila pale kwenye anwani hakuna anayeandika. Nakagua kila asubuhi kabla sijavua koti.

Yale mengine uliyouliza tutaongea nikija likizo.

Mwanao,
Kwanini


Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Bibi anatembea.

Nilikuuliza swali moja nawe ukanijibu habari za dirisha la mtu mwingine. Basi nimelijua jibu. Usijisumbue, sikukasirika, nilikulea, najua unavyonyamaza unapotaka kunikinga. Mungu aliyetupa mashine hiyo anajua tutaishije bila hiyo.

Huku kazi inakwenda polepole kidogo. Yasikutie wasiwasi hayo.

Nina swali, na hili si langu. Mtu akiwaandikia pale mnaposema aandike, huwa mnachukua muda gani kumjibu? Nauliza kwa sababu mliandika kila anayeuliza atajibiwa. Mtu anaweza kulishika neno kama hilo akawa anatembea nalo. Asubuhi anachungulia simu, jioni anachungulia simu. Akiulizwa anasema wakubwa wana shughuli nyingi, watajibu. Mtu mzima mwenye heshima zake. Inauma kumtazama.

Siongezi neno, nimeahidi mtu.

Shangazi yako


Tarehe 21 Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi, nisamehe, na ninavyoendelea utajua kwa nini nina haya hata ya kukusalimu.

Barua yako nilikuwa nimeifungulia kwenye ngazi za ofisi. Nilipofika pale pa mtu kuchungulia simu asubuhi na jioni, sikumaliza kupanda. Nilirudi mezani nikafungua sanduku la ujumbe. Tupu, kama siku zote. Ndipo nikakumbuka chujio.

Nikueleze. Anwani za ofisi hupata ujumbe mwingi wa matapeli. Wote huanza kwa adabu nyingi: mpendwa, natumaini u mzima wa afya wewe na familia yako, Mungu akubariki, halafu wanakuja na urithi wa mtu aliyekufa mbali. Kwa hiyo kuna chujio linalozuia takataka hizo zisitufikie. Linafundishwa na mtu. Nilipoajiriwa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na niliifanya kwa bidii. Nililifundisha kwamba anayeanza kwa kuulizia afya yetu na kututakia baraka, huyo atupwe.

Nilifungua lile pipa. Walikuwemo, Shangazi. Wageni wangu wote niliokuwa nikiwasubiri bila kuvua koti. Mwalimu mmoja wa fizikia ambaye chumba chake cha kompyuta kina kadi zetu tupu. Mtu wa studio ya picha. Mtawa mmoja anayetunza maktaba. Na barua iliyoanza hivi: "Kwa heshima kubwa nawasalimu nyote mlio katika kazi hiyo njema, nikiomba muwe wazima pamoja na wote wanaowategemea. Mimi ni fundi wa mtaani, sina cheti cha mambo haya. Nimesoma ukurasa wenu nikaona kama umeandikwa na mtu anayenijua." Aliendelea hivyo, akatueleza na nyumba anayofanyia kazi, na mama mzee aliyemo humo ambaye humletea chai na kumuuliza kama ameoa; hapo nikajua ni Fundi wako. Chini kabisa, baada ya kutuombea, akaambatanisha kiraka.

Kiraka chenyewe ni sahihi. Kilinisimamisha. Kadi yako ina dada yake anayefanana naye kila kitu isipokuwa herufi ya mwisho ya namba yake, na toleo letu la mwezi wa tano liliwachanganya. Fundi alifuata ukurasa wangu hatua kwa hatua, akasoma namba, akaona herufi, akaandika mistari michache iliyokuwa inakosekana. Sisi tulikuwa hatujui hata kwamba kosa lipo.

Maana yake kioo chako kina mistari tangu mwezi wa tano. Yale makoti ya wauguzi umeyatarizije? Usinijibu kwamba kazi inakwenda polepole.

Nilizichapa barua zote nikampelekea Mzee. Alisoma akiwa amesimama. Akauliza nani aliwazuia hawa. Nikasema ni mimi. Nilingoja mstari wake. Akavuta kiti akaketi, akarudia kusoma ile ya Fundi, akaipapasa ile karatasi kwa kidole kama anatafuta mshono.

Akasema, "Anaomba radhi kwamba hafahamu yanayojulikana."

Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote. Ndivyo nilivyosema na mimi.

Kisha akasema, taratibu, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia nayo: "Nilikuwa najiandikia mwenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine humu ndani, binti yangu. Miaka yote ile hakuna aliyesoma. 'Kama inavyojulikana', nilikuwa najikumbusha mimi."

Nami nilidhani ni kiburi. Miaka yote nimekuwa nikimwona amefunga mlango, kumbe alikuwa mtu peke yake ndani ya nyumba, hakuna aliyekuja kugonga.

Akanipa karatasi, akasema, "Salamu yako irudi." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wenzetu wasisikie, "Huwa mnaanzaje?" Nikamweleza: kwanza unamsalimu, unauliza hali yake na ya watu wake, unatoa habari zako, ndipo unaingia kwenye jambo. Akaandika mpangilio huo kwenye kipande cha boksi. Akasema barua zote atazijibu yeye, mimi nisizione. Tangu jana yuko nazo, anapiga herufi kwa vidole viwili, na chai yake inapoa.

Chujio nimelifundisha upya. Fundi mwombe radhi kwa ajili yangu. Na wewe uliyekaa nalo jambo hili moyoni barua nzima, sijui nikuombe nini.

Mwanao,
Kwanini


Tarehe 5 Septemba

Mwanangu mpendwa Kwanini,

Nakusalimu kwa furaha ambayo karatasi haiwezi kuibeba. Hujambo wewe? Hajambo Mzee wako? Huku wote wazima, Mungu ametutunza. Bibi anajifanya mgonjwa kwa sababu ametajwa kwenye barua ya ofisi na anaona sasa anastahili kupikiwa anachotaka.

Habari ya mkutano ulinipa kwa simu, nami nikalia, nawe ukalia, tukamaliza salio bila kuongea. Sasa nimetulia niandike kama mtu.

Kwanza, nilichokuficha. Siku mistari ilipotokea kwenye kioo, Fundi Taratibu alitaka kurudisha toleo la zamani tu, na ingekuwa imekwisha. Ila alikuwa na kurasa zako mfukoni. Akaniomba ruhusa aliache kosa lilivyo mpaka alielewe. Nikamruhusu. Nilirudi kwenye chaki na rula, herufi za majina nazichora kwa mkono kwenye kitambaa kama nilivyofundishwa zamani, na kama muuguzi mmoja ana koti lenye jina lililopinda, Mungu atanisamehe na yeye pia. Alipotuma kiraka chake nilimwambia, mwanangu yuko palepale, nampigia sasa hivi. Akakataa. Akasema, "Mama, wameandika kila anayeuliza atajibiwa. Nataka nijibiwe kwa sababu nimeuliza." Akaniomba nisikuambie. Ungefanya nini? Mtu anataka kupita mlango wa mbele, siwezi kumwingiza kwa jikoni. Nikanyamaza, lakini midomo iliniwasha.

Barua ya Mzee ilipofika, Fundi hakuifungua kwenye simu yake. Alikuja karakana akanawa mikono kwanza. Tukazima cherehani zote. Akasoma kwa sauti, nami niliomba niinakili, hii hapa sehemu yake uione, kwa kuwa ulisema hukuiona:

"Ndugu Fundi, nakusalimu. Natumaini u mzima, na wazima wote wa nyumba hiyo, hasa mama mzee wa chai. Mwambie na mimi sijaoa. Mimi sijambo, ila macho yamechoka. Huku kuna mvua. Naomba radhi kwa ukimya wetu, ulikuwa kosa letu. Kiraka chako ni kizuri. Nilikitazama kwa muda mrefu nikitafuta cha kusahihisha, kwa kuwa ndiyo desturi yangu, nikakosa. Nimefanya kazi hii muda mrefu bila mtu wa kuniuliza kitu. Niulize."

Fundi alipofika hapo alikunja uso, akatuambia kuna vumbi la nyuzi humu ndani. Tukakubali kwamba lipo.

Tangu hapo hawaachani. Wanaandikiana yeye, Mzee na yule mwalimu wa fizikia. Fundi anakuja na maswali yake ameyaandika nyuma ya risiti, anaondoka na majibu, na watu wa mtaani wanalalamika kwamba redio zao zinakaa kwake mno. Unajua simsifu mtu ovyo. Lakini kumwona mtu wa umri ule anajifunza upya bila kuona haya, kunanifanya nitake kusimama wima. Na siku ile wakubwa wenu walipokubali majina yao wawili, yeye na mwalimu, nilikwenda nyumba ya ibada kushukuru, nikakuta ametangulia. Alikuwa amekaa nyuma kabisa.

Kioo changu kimerudi kama zamani. Ua jekundu ni jekundu. Halafu kuna hili ambalo huenda unalijua ukanyamaza, tabia yako. Fundi alinionyesha mahali kiraka chake kilipoingizwa. Aliniambia ni desturi ya kazi yenu: kila kiraka kinataja aliyekishona na aliyekijaribu. Chini ya jina lake wameandika aliyejaribu ni mimi. Jina langu lote, na la baba yangu, ambaye ni babu yako, mtu aliyekwenda kaburini hajawahi kugusa hata taipureta. Limo humo ndani ya kiendeshi, na Fundi anasema halitoki, litapelekwa kila mahali mashine za aina hii zilipo. Nilimwomba anisomee tena. Bibi alitaka kujua kama na lake limo, nikamwambia lake limo kwenye barua, akaridhika.

Sikuulizi tena kama unaacha kazi. Watu wakiniuliza unafanya nini, sasa nawaketisha chini. Nawaambia mwanangu hukaa mlangoni kwenye nyumba ambayo wengi walidhani imefungwa. Wanaondoka wakiwa wamechoka, lakini wameelewa.

Sasa nina ombi. Nimetarizi kitambaa kwa ajili ya Mzee anapostaafu. Nimeyaweka yale maneno yako ya ukurasa wa kwanza, yale aliyokwambia uyaondoe kisha akayarudisha: "Karibu. Kama hujui lolote kati ya yaliyomo humu, ukurasa huu ni wako." Herufi nimezipanga kwenye kioo changu, kwa kadi yangu na kiendeshi chake, nazo hazikupinda hata moja. Imebaki pindo tu, nami sijui nilikate wapi. Tafadhali pima upana wa ukuta ulio nyuma ya kiti chake, asikuone, uniandikie. Jibu upesi, mwanangu, uzi umeshaingia kwenye sindano.

Shangazi yako akupendaye